Kuku wa Mama na Wali wa Makambako

Mwaka niliooa, mimi na mke wangu tulikuwa tukila hotelini kila Jumamosi, na mama yangu alikuwa akitusubiri nyumbani bila kutia kitu kinywani. Jambo lenyewe ni dogo. Hakuna aliyekufa wala aliyefukuzwa. Lakini katika mambo yote niliyoyafanya ujanani, hili ndilo linalonirudia ninapokaa mezani.

Wakati ule Mwingereza alikuwa bado anatawala. Nilikuwa karani kwenye kiwanda cha miwati, miti ambayo magome yake hutumika kulainishia ngozi, nje kidogo ya Njombe, kazi yangu ikiwa kuandika hati za magunia ya magome yaliyokaushwa. Kila Jumamosi asubuhi lori moja lilishuka Makambako, ambako mzigo ulihamishiwa kwenye malori makubwa ya kwenda relini Dodoma, na mimi nilikwenda nalo ili kukabidhi hati. Tulirudi jioni. Dereva alikuwa mtu mpole wa Ubena kama mimi, na nilipomwomba nafasi ya mke wangu mbele, alisogea tu.

Mke wangu alitoka Mawengi. Kwao walikuwa Wakatoliki, sisi Walutheri, na haikuwa rahisi wazee wa pande mbili kukubaliana. Aliyemaliza mjadala ule ni mama. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki, na mama alisimama mbele ya wajomba zangu akasema kwamba binti huyu atalala kwake na kula kwake, na kama kuna ubaya utakaompata, aulizwe yeye. Basi mke wangu akaja kuishi nasi Mjimwema, katika nyumba yetu ya vyumba viwili na jiko la nje.

Kula kwetu kulikuwa kama kwa watu wote wa pale. Mimi niliandaliwa chumbani peke yangu, au na mgeni wa kiume akiwapo. Mama na mke wangu walikula jikoni kando ya moto, kwenye sahani moja. Ugali, maharage, viazi, mboga za majani; nyama ilipopatikana tulimshukuru Mungu. Wali tulikula Krismasi. Mchele ulitoka Usangu, na mtu aliyepika wali siku ya kawaida majirani walimuuliza kama ana harusi.

Mara ya kwanza tulikula hotelini kwa sababu ya mvua. Mke wangu alikuwa amenifuata Makambako kununua nyuzi za sweta, maana alijua kufuma, na njia ya kurudi ikawa tope tupu. Dereva akasema tusubiri mpaka barabara ikauke kidogo. Tulikuwa na njaa na tumelowa. Karibu na njia panda palikuwa na hoteli ya mzee mmoja wa pwani, chumba cha mabati chenye meza nne na mabenchi, mlangoni sufuria tatu kubwa.

"Mwanamke anaingia humu?" mke wangu aliniuliza.

"Sijui," nikasema. "Tuone."

Mzee wa pwani alituona tumesimama. "Karibuni wanangu, mvua haina adabu," akasema, akafuta benchi kwa kitambaa.

Mke wangu alikaa akiuelekea ukuta ili wapita njia wasimwone. Tukaletewa wali, mchuzi wa nyama na chai ya maziwa yenye tangawizi. Bei ilikuwa nafuu kiasi kwamba nilidhani mzee amekosea. Sahani ilijaa hadi ukingoni, na mchuzi ulipokwisha aliongeza bila kuulizwa. Tulikula kimya kwanza. Kisha mke wangu akageuza uso kutoka ukutani, akanitazama na kucheka, kwa sababu nilikuwa na punje ya wali kwenye sharubu zangu changa. Hapo nikatambua kwamba tangu tuoane sikuwahi kumwona akila.

Lazima niseme hilo wazi, maana nikisema ni tamaa ya wali tu nitakuwa nadanganya. Nyumbani tulikuwa mke na mume usiku, na mchana tulikuwa mtoto wa mama na mkwe wa mama. Pale hotelini alinieleza habari za kwao, jinsi alivyomwogopa padri mmoja mwenye ndevu nyekundu alipokuwa mdogo, na kwamba siku ya kwanza aliponiona alidhani mimi ni mtu wa majivuno. Nilimweleza ninavyochukia kuitwa na msimamizi wangu kwa mluzi. Tulikuwa tumeoana miezi minne, na siku ile ndiyo tulianza kufahamiana.

Jumamosi iliyofuata mvua haikunyesha, na tulikula tena.

Baada ya muda tukawa wajuzi. Makambako ilikuwa na hoteli tatu za watu kama sisi. Ya mzee wa pwani ilikuwa bora kwa wali, na Jumamosi moja moja alipika pilau. Ya pili, ya mama mmoja kutoka Uhehe, ilikuwa na supu ya asubuhi ambayo madereva waliipigia foleni. Ya tatu ilikuwa chafu, lakini chapati zake zilichambuka kwa vidole kama magome ya mti. Baadaye tukagundua na moja ya Njombe kwenyewe, nyuma ya maduka ya Wahindi, tukawa tunaingia hata Jumatano nikitoka kazini, mke wangu akiwa ametumwa sokoni. Wazungu walikuwa na mahali pao pa kula, penye vitambaa vyeupe, na sisi pale tungeweza kuingia kwa mlango wa jikoni tu, tena tukiwa tumebeba kuni. Hatukupatamani. Tulikuwa na sahani zetu za bati na mchuzi wa kuongezewa.

Mama hatukumwambia. Mwanzoni nilijiambia kuwa hakuna cha kumwambia. Lakini kwetu chakula cha mama hakikuwa chakula tu. Kijana aliyeoa akila njiani wakati mama yake amepika, ni kama amesema mbele za watu kwamba chungu cha kwao hakitoshi. Hoteli zilikuwa za madereva na wasafiri, watu waliokosa pa kufikia. Na mama alikuwa na desturi yake tangu baba afariki: hakula mpaka mimi nifike. Jumamosi tulifika jua linazama, tukamkuta jikoni, ugali umefunikwa kwa ungo, mboga kando ya moto, na yeye anatuuliza, "Mmechoka wanangu? Njooni mle, mnakufa njaa."

Mimi nilikuwa na njia yangu. Niliandaliwa peke yangu chumbani, na mbwa wa jirani alijua dirisha langu. Nilimega tonge baada ya tonge nikamrushia nje, kisha nikaita nitolewe vyombo. Mke wangu hakuwa na mbwa. Alikula sahani moja na mama, uso kwa uso, mwanga wa moto ukiwamulika. Alijitahidi matonge mawili, matatu, kisha mkono ukasimama.

"Mbona huli?" mama alimuuliza.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Umekula wapi?"

"Mwendo wa gari unanichafua tumbo."

Mwezi wa kwanza mama alifurahi. Alidhani mke wangu ana mimba. Hakusema, lakini nilimsikia akiimba asubuhi akifagia uwanja, na alianza kumkataza kubeba ndoo kubwa. Miezi mitatu ikapita na hakukuwa na dalili. Wimbo ukakoma. Kisha akaanza kuchinja kuku.

Alikuwa nao saba, mitetea wa kienyeji, na mayai yao ndiyo yaliyotupatia chumvi, sabuni na sadaka ya Jumapili. Wa kwanza alimchinja Jumamosi moja tuliporudi kutoka Makambako na pilau tumboni. Nilipofungua bakuli nikakuta paja, nilidhani kuna mgeni.

"Kuna nini leo, mama?" nikauliza kutoka chumbani.

"Hakuna kitu, baba," akajibu. Aliniita baba kwa kuwa nilirithi jina la baba yake. "Mwenzako hali vizuri. Nimeona nimbadilishie."

Siku ile sikumtupia mbwa. Nilikula lile paja lote kwa adhabu, nikalala nimejaa hadi kooni. Mke wangu kule jikoni alikula kipapatio cha kuku akatoka nje akatapika nyuma ya jiko, na mama alimsikia.

Tulipobaki wawili mke wangu aliniambia, "Mwambie mama."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Jumamosi ijayo. Tukirudi."

Jumamosi iliyofuata tulirudi tukamkuta amechinja wa pili. Sikusema. Ningemwambiaje wakati kuku ameshakufa? Hivyo ndivyo nilivyojitetea, na hivyo ndivyo walivyofuatana, wa tatu na wa nne. Kila kuku aliyekufa alinifanya nione ugumu zaidi kuliko yule wa kabla. Kusimamisha tu Jumamosi zetu kungetosha, bila maneno yoyote, lakini hilo pia sikulifanya. Nilipenda kukaa na mke wangu kwenye meza ile. Nilipenda na pilau. Mke wangu alikataa mara mbili kupanda lori, na mara zote mbili nilimbembeleza akapanda.

Mama akaenda kutafuta mizizi kwa bibi mmoja wa upande wa mtoni. Ilikuwa michungu, na ilipochemshwa harufu yake ilijaa jiko. Mke wangu aliinywa siku saba, asubuhi na jioni, akikunja uso, na hakunitaja. Nilimuuliza kwa nini haikatai.

"Nitakataa kwa maneno gani?" akasema. "Wewe ndiye mwenye maneno."

Baadaye nilikuja kujua kilichokuwa kikimsumbua mama zaidi. Alihofia watu wa Mawengi. Alikuwa amesimama mbele ya wajomba akasema aulizwe yeye, na sasa binti wa watu hali, anatapika, mikono yake inasimama juu ya sahani. Ndugu zake wakija wakisema amenyimwa chakula kwa sababu ya dini yake, angejibu nini? Alianza kulala vibaya. Yeye ndiye aliyekonda, si mke wangu. Mke wangu alikuwa ananenepa, na mama alipoona mashavu yale alisema ni uvimbe wa ugonjwa.

Basi akaenda kwa mwinjilisti.

Mimi sikujua. Jumapili ile nilikaa upande wa wanaume kama kawaida, na baada ya mahubiri mwinjilisti akasema kuna nyumba ina mzigo. Akamwita mke wangu kwa heshima, mkwe wa mama fulani, apite mbele. Kanisa zima liligeuza shingo. Mke wangu alisimama taratibu, akapita kati ya mabenchi, akapiga magoti. Wazee watatu waliweka mikono juu ya kichwa chake. Mwinjilisti aliomba kwa Kiswahili, kisha akahamia Kibena maombi yalipompanda, akimsihi Mungu amrudishie dada huyu ladha ya chakula, aondoe kila kitu kinachomzuia kula mezani pa mama yake. Mke wangu alilia. Mabega yake yalitikisika, na wanawake wakaanza kulia naye. Mama alikuwa amesimama katikati yao, mikono ameinua, macho amefumba.

Mwinjilisti alipomaliza, watu wote wakasema amina. Mimi pia nilisema, tena kwa sauti ya kusikika, kwa sababu mzee aliyekaa kando yangu alikuwa ananitazama.

Jumamosi iliyofuata mke wangu alikaa kitako mlangoni akasema hapandi tena lori, hata nimbembelezeje. Nikaenda peke yangu. Ningependa kusema kwamba siku ile chakula kilinishinda. Hakikunishinda. Mzee wa pwani alikuwa amepika pilau, nikala nikamaliza, nikafuta sahani kwa kidole. Nilipokuwa nanawa aliniuliza, "Mama watoto hajambo?" Nikasema mgonjwa kidogo. Akachota pilau nyingine, akaifunga kwenye jani la mgomba na juu yake gazeti, akasema nimpelekee, na akakataa nilipotaka kulipa.

Safari nzima nilikuwa na kile kifurushi mapajani, kina joto.

Mama alikuwa jikoni, mke wangu anachambua mboga. Nikamkabidhi mama kifurushi. Alikifungua mbele ya moto na harufu ikatoka, bizari na vitunguu.

"Umeipata wapi hii?"

"Makambako. Hotelini."

"Umefanya vizuri," akasema. "Mgonjwa hutamani kitu cha kigeni." Akaimimina yote kwenye sahani, hakujibakizia hata punje, akaisukuma mbele ya mke wangu. "Kula, mwanangu. Labda hiki kitapita."

Mke wangu aliitazama ile sahani, kisha akanitazama mimi. Nikachuchumaa pale pale mlangoni.

"Mama," nikasema, "haumwi. Hajawahi kuumwa. Tunakula hotelini kila Jumamosi. Wote wawili. Tukirudi tunakuwa tumeshiba."

Mama alisogeza kijinga kimoja ndani ya moto.

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Na kuku?"

"Tulikuwa tumekula."

"Na ile dawa, alipokuwa anakunywa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilitegemea anipige, au alie. Alimgeukia mke wangu. "Nisamehe, mwanangu," akamwambia. "Nimekunywesha mizizi ya uchungu siku saba, na wewe mzima." Mke wangu akaanza kusema kuwa ni yeye anayepaswa kuomba msamaha, lakini mama alimshika mkono akamnyamazisha. Mimi hakunitazama. Baadaye wakala ile pilau wawili, kidogo kidogo, na mama akauliza kile kijiti cheusi ni nini, mke wangu akamwambia ni karafuu, huwekwa kando.

Wiki nzima aliniandalia kama kawaida, maji ya kunawa, sahani, kitambaa. Hakuniita baba.

Jumapili, mwinjilisti alipouliza kama kuna mwenye neno la shukrani, mama alisimama. Nilishika ukingo wa benchi. Nilijua asivyojua kudanganya. Alikuwa mwanamke aliyewahi kurudi sokoni mwendo wa nusu saa kwa sababu mnunuzi alimzidishia chenji. Akasema kwa Kibena, kwa sauti ndogo, kwamba ndugu walimwombea nyumba yake, na sasa mkwe wake anakula. Wiki nzima wamekula wawili sahani moja, na kila mara chakula kimekwisha. Anamshukuru Mungu, anawashukuru ndugu. Kisha akaketi. Watu waliimba, na bibi wa mizizi alipitia kwetu baadaye kumpongeza.

Nilimngoja nje ya kanisa. "Mama, kwa nini umesema vile?"

"Nimesema uongo gani? Kwani hali chakula?"

"Anakula. Lakini watu wamedhani ameponywa."

"Nilisimama mbele yao nikaomba wamwombee," akasema. "Wewe ulitaka nisimame tena niseme nini? Kwamba mwanangu alikuwa amekaa pale anasikiliza?" Akajifunga vizuri kanga yake, akanitangulia.

Hatukwenda tena hotelini Jumamosi, ingawa baada ya mwezi mama mwenyewe alituambia twende tukitaka, mradi tumwambie mapema asisubiri. Nilimnunulia mitetea wawili Makambako. Aliwapokea kwa mikono miwili akashukuru, na walipoanza kutaga, mayai yao alimpa mke wangu auze aweke fedha zake mwenyewe. Nikaanza kula jikoni pamoja nao. Majirani walicheka, mwanamume kukaa kigodani na wanawake, lakini nilikaa. Baada ya siku nyingi mama akaniita tena baba, siku moja tu bila sababu, akiniomba nisogee moshi upite.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Iringa. Mama alitusindikiza hadi Makambako kwa lori letu lile lile, na basi likachelewa. Palikuwa na baridi na upepo. Nilimwomba aingie kwa mzee wa pwani tunywe chai. Nilitegemea akatae. Akaingia, akaketi kwenye benchi, mgongo umenyooka kama yuko kanisani, akatazama meza, sufuria, ukuta. Tukaletewa chai na chapati. Alikula nusu, nusu akaifunga kwenye pindo la kanga.

Mzee wa pwani alikuja kumsalimia, akamsifu kwa kulea kijana mwenye adabu. Nilitazama chini. Mama alimshukuru, kisha akamuuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Na wewe, mama yako yupo?"

"Yupo, Kilwa. Amezeeka."

"Anapikiwa na nani?"

Yule mzee alifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Na dada yangu," akasema. "Sijaenda miaka mingi."

"Nenda," mama akamwambia, bila ukali. "Hata mara moja."

Basi likapiga honi. Mke wangu alilia mikononi mwa mama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mimi aliniwekea kiganja kichwani kama nilipokuwa mdogo, akasema nimtunze binti wa watu. Dirishani nilimwona anavuka barabara kuelekea kwenye lori, ameinamisha kichwa dhidi ya upepo, mkono mmoja umeshika pindo lile lenye chapati.